Mnazi wa Jemadari

Vibarua walikuwa wameshashika sururu, kibao kimelazwa kando ya barabara.

"Shikamoo, bibi," alisema karani wa boma. "Nyumba aliyokulia Jemadari haipo tena. Basi tuoneshe mnazi uliopandwa juu ya kitovu chake, tusimamishe kibao hapo."

"Marahaba."

Mwanamkuu, dada yake Jemadari, hatulii. Mara aifunge khanga, mara aifungue. Nyumba ile kaka yake aliitia moto kwa mkono wake, alipokuja Masaki na jeshi la Mwingereza kumsaka Mjerumani. Baba yao alikuwa ndani.

Akainuka kwenye kisiki alichokalia.

"Mnazi wake ndio huu."

Karani akainama. Makovu ya shoka yalikuwa mengi, mengine yamekwenda upande.

"Nani kaukata?"

"Mimi. Liandikeni na hilo."