Vidole Vinne vya Mwisho

Wifi yake aliliondoa taulo lililokunjwa kifuani mwake, na fundi rangi, aliyelala chali kwenye benchi la kunyanyulia vyuma, akahisi baridi mahali pale.

Tangu bega lake liteguke, miezi minane sasa, taulo hilo ndilo lililozuia chuma kisishuke sana. Alisukuma nusunusu, bega likapona, akarudi kupaka dari za watu. Lakini kwenye mashindano ya kesho, chuma kisipogusa kifua hakihesabiwi.

"Viwiko karibu na mbavu, wifi. Usivitanue kama kuku anayeoga vumbi."

"Bega likitoka tena, dari utapaka wewe?"

"Nitapaka. Wateja watakukimbia tu."

Fundi alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Akakitoa chuma kwenye vishikio, akakishusha taratibu hadi usawa wa taulo. Hapo mikono ikasimama yenyewe, kwa mazoea.

Vilibaki vidole vinne kufika kifuani. Akashusha viwili. Ndani ya bega kitu kikalia ko, kidogo tu, kama kidole kinachonyooshwa.

"Nikipokee?" Viganja vya wifi vilikuwa tayari chini ya chuma.

"Toa mikono," alinong'ona, na ubaridi wa chuma ukapenya fulana yake kifuani.