Kuku Watatu wa Kiingereza

Kuku wa tatu alikamatwa mchana kweupe, nyuma ya nyumba, Mapendo akiangalia na mikono kiunoni. Alikuwa jogoo. Baada yake, bandani yalibaki manyoya tu.

"Papa Rosalie, na huyu naye anaenda kusoma?" Mapendo alimuuliza mumewe.

"Mama Rosalie, ni neno la mwisho," Isidore alimwambia mkewe. "Nikilipata hili, kazi ya hoteli iko yangu."

"Sawa. Ukiikosa, miye na mutoto tunapanda mutumbwi, tunarudia kwetu kisiwani Idjwi. Kule kuku inakuliwa na batu, hapana na maneno."

Hakuwa anatania, na Isidore alimjua. Akambana jogoo kwapani, akapanda mtaa wa Kadutu kwa Mwalimu Firmin.

Huyu Firmin alikuwa msomi wa kutisha. Alisema amerudi kutoka Kampala juzi juzi. Alikuwa amerudi juzi juzi tangu Rosalie hajazaliwa, na sasa Rosalie anakimbia. Bei yake haikuwa na mjadala: neno moja la Kiingereza, kuku mmoja.

"Hoteli haiombe maneno mengi," alifundisha, macho kwa jogoo. "Muingereza akifika anauliza kitu kimoja tu: hii iko mupya? Mukate umetoka kwa moto sasa hivi? Unasema *jasti*. Shuka zimefuliwa juzi juzi? *Risentli*. Samaki anapatikana siku hizi? *Leitli*. Ingine yote ni mapambo."

Jamani! Lugha nzima ya Malkia kwa kuku watatu. Nani angekataa?

Juzi juzi tu mji ulikuwa unaitwa Costermansville. Sasa uliitwa Bukavu, na Waingereza wa Kenya na Uganda walikuwa wanakuja kupigwa na upepo wa ziwa. Direkta wa hoteli, Mbelgiji, alitaka mtu wa kuwapokea. Si kwamba yeye mwenyewe hakukijua Kiingereza, la hasha! Alikaa London wakati wa vita, na mjini hakubaki mtu ambaye hajaambiwa. Tatizo lilikuwa afya.

"Masikini Bwana," Barthélemy, mpishi wa hoteli, alimweleza Isidore. "Baingereza bakishuka tu kwa motokari, malaria inamupanda."

Siku ya kujaribiwa walifika watu wawili. Wa kwanza kuingia alikuwa Honoré, aliyekulia Kampala, ambako baba yake alikuwa fundi cherehani. Mlango uliachwa wazi. Kiingereza kilimtoka Honoré kama maji ya bomba lililopasuka. Isidore, akingoja nje, alisikia yote. Tayari alimwona Mapendo ndani ya mtumbwi, mtoto mapajani, bila hata kugeuka nyuma.

Direkta alisikiliza amekunja uso, masikio yanazidi kuwa mekundu. Mwisho akapiga meza.

"Basi! Hii hapana Kiingereza! Hii iko ya soko! Toka!"

Honoré akatoka mdomo wazi, akamtazama Isidore, akatikisa kichwa. Lakini mtu amekaa London. Nani atabishana naye?

Isidore akaingia.

"Sema," Direkta akaamuru.

"*Jasti*," Isidore akasema.

Direkta akaitikia kwa kichwa.

"*Risentli*."

Direkta akafumba macho, kama mtu anayeonja divai.

"*Leitli*."

Isidore hakuwa na kingine. Nyuma ya neno hilo lilibaki banda tupu tu.

"Muzuri sana," Direkta akasema. "Hii njo Kiingereza ya kweli. Fupi. Safi. Kesho unavaa koti nyeupe."

Jioni hiyo Mapendo alipiga vigelegele, akafungua furushi alilokuwa amekwisha kulifunga. Alikuwa na furaha, lakini hakuwa mjinga.

"Na kuku zangu?"

"Zitarudi, Mama Rosalie."

"Zote tatu."

"Zote tatu."

Asubuhi Isidore alisimama barazani, koti limepigwa wanga mpaka shingo haigeuki. Motokari zikaingia na vumbi lao. Mama mmoja Mwingereza, mwenye kofia kubwa, alianza kuongea kabla mguu haujagusa ardhi. Aliongea, akaongea, akangoja jibu. Katika yote hayo Isidore hakusikia hata neno moja la kuku zake.

Barthélemy akaja mbio.

"Isidore! Bwana anakuita kwa biro. Upesi!"

Basi yamekwisha. Honoré amekwisha kumwambia Bwana: maneno matatu tu. Isidore alitembea kuelekea ofisini huku akifungua vifungo vya koti, asije akamsumbua mtu kumvua.

Direkta alifunga mlango, akazungusha ufunguo, akavuta pazia. Malaria ilikuwa bado haijapanda, lakini jasho lilikwisha kufika. Akalifuta kwa kitambaa. Halafu, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mfanyakazi yeyote, akamsogezea Isidore kiti.

"Isidore," alinong'ona. "Ile neno ya kwanza. Sema tena, polepole."

Isidore alimtazama. Nje, mama wa kofia alikuwa anaita. Polepole Isidore akavifunga tena vifungo vya koti, kimoja kimoja, akakaa, akakohoa kama Mwalimu Firmin.

"Bwana," akasema, "neno moja, kuku mmoja."