Simu ya Kabatini

Tangazo la mtaa lilisema hivi: mwisho wa kufuga kuku ni Jumamosi, atakayekutwa naye ananyang'anywa. Jumamosi yenyewe mwenyekiti, Mama Kisa, akapiga hodi kwa Ngirwa, daftari mkononi. Sasa Ngirwa jogoo wake kamlea tangu kifaranga! Alikuwa kamfungia kabatini, kamfunika na koti lake la harusi.

"Kuku? Hapa? Mama, sisi hata mayai hatuli!"

Kabatini kukawika.

"Simu yangu hiyo," Ngirwa akasema, jasho linamtiririka.

"Si uipokee, baba. Nasubiri."

Ngirwa akaingiza kichwa kabatini. "Haloo?"

Kukawika tena, kwa nguvu zaidi.

"Mwambie asikate," Mama Kisa akasema, anavuta kiti. "Nina neno naye."

Ngirwa hakutoa kichwa. Unyoya mmoja mwekundu ukatoka kabatini, ukaelea polepole, ukatua juu ya daftari la mwenyekiti.