Gari la Ijumaa

Hapa mjini gari haliruhusiwi kukaa wiki nzima bila kutembea. Mwenyewe asipolitumia, linatoka peke yake, linapita njia alizolizoesha, kisha linarudi. La marehemu mume wangu, Mwinjuma, lilitoka kila Ijumaa nami nikiwa ndani kwenye eda.

Eda ilipokwisha, binti yangu Zuhura akasema, "Mama, tuliuze. Kila wiki lilikuwa kwa fundi."

Kweli. Kila Ijumaa baada ya swala Mwinjuma aliniaga, "Nalipeleka kwa fundi," nami nikililaumu kwa ubovu wake.

"Ngoja tulipande kwanza," nikamwambia. "Tumwone fundi asiyechoka."

Zuhura akacheka, na Ijumaa baada ya swala tukapanda. Gari likapita msikitini, likaacha njia ya gereji, likaenda kusimama makaburini, mbele ya pale alipousia tumzike. Mlango wa dereva ukafunguka wenyewe.

"Limepajuaje, mama? Baba tulimleta kwa miguu, kwenye jeneza."

Nilimsomea Fatiha kwanza. Gari lile halikujua njia yoyote ambayo Mwinjuma hakulipitisha mwenyewe.

"Sasa tuliuze?" Zuhura akauliza taratibu.

"Liache," nikasema. "Tukae mpaka liondoke lenyewe. Nataka kujua alikuwa akikaa hapa muda gani kabla ya kurudi nyumbani kula."