Mguu wa Mawien

Mawien aliuma taulo. Kiwiko cha daktari kilikuwa kimezama nyuma ya paja lake, kikiteremka polepole kuelekea goti. Msuli ulikuwa mgumu kama kamba ya hema.

"Uliumiaje?"

Alitema taulo. "Nilirusha teke. Mke wangu akakwepa. Nikapiga hewa, huku nyuma kukavuta."

"Ulilenga wapi?"

"Tumbo."

Daktari akaongeza mafuta.

Teke hilo lilirushwa Kakuma, Jumapili. Nyibol alikuwa ameshapigwa ngumi za kutosha. Alitoka mbio na kanga moja, mdomo ukivuja damu, na Mawien akashindwa kumfukuza. Aliambiwa amekimbilia Lodwar kwa mama yake. Akamfuata. Stendi aliteremka akichechemea, watu wakamwelekeza hapa, ambapo madereva wa kampuni za mafuta huja kuchuliwa migongo. Alitaka mguu wa kumfikisha kwa mama mkwe kabla ya giza.

"Lodwar si ndogo. Utampataje huyo mama?"

"Nitauliza. Sura yake siijui. Wewe ni mtu wa kwetu, daktari, unajua heshima ya mama mkwe. Tangu nioe, akitokea upande huu, mimi nageukia ule." Akacheka. "Adabu ninayo, usinione hivi."

"Naiona. Lala chali."

Daktari aliuinua mguu ukiwa umenyooka, akaweka kisigino begani mwake, akasukuma. Mawien akashika ukingo wa kitanda.

"Pumua."

"Unavuta sana, daktari."

"Ndiyo kazi yenyewe. Na ukimpata mkeo?"

"Miguu yote miwili navunja. Atembelee makalio kama mtoto. Tuone atamkimbilia nani."

Daktari alibana goti la Mawien lisikunjike, akakusanya uzito wake wote, akaegemea. Mguu ukapita pale ulipopaswa kukomea. Mawien alipiga ngumi ukuta. Akamwomba, akamtukana, akamwomba tena. Daktari hakulegeza. Kitu kikapasuka ndani ya paja, kikasikika chumba kizima, na Mawien akabaki akihema mdomo wazi, mguu umelala kitandani kama si wake.

Daktari alifuta mafuta mikononi, akaenda kufungua mlango wa chumba cha ndani.

"Nyibol, mwanangu, toka," alimwambia bintiye. "Huyu hamfukuzi mtu tena."