Mbeleko Darasani

Ugonjwa ulipofunga chuo, Sikudhani, mhadhiri wa fizikia, alihamishia darasa jikoni kwake, simu kaiegemeza kwenye kopo la chumvi. Siku mkuu wa idara alipoingia mtandaoni kusikiliza, mtoto wake mchanga Sikudhani akaangua kilio.

"Dokta, zima kamera umbembeleze kwanza," mkuu alisema. "Wanafunzi wanakuona."

"Waache wanione, Profesa."

Akainama, akamweka mwanawe mgongoni, akakaza mbeleko kifuani, kisha akaendelea na somo la mawimbi pale pale alipoishia, kidevu juu, akijiyumbisha taratibu. Mtoto akanyamaza.

Wanafunzi wote walikuwa wamezima kamera zao, miraba myeusi mitupu. Mraba mmoja ukawaka. Ndani yake binti alishika daftari, mbeleko kifuani, naye akijiyumbisha.

Ukawaka mwingine.