Cheche na Zimamoto

Mgeni aliingia uani bila hodi, akamkuta Cheche anaanika nguo. Badala ya salamu akauliza, "Wale wanaozungusha moto ni hapa?"

Taulo lilimponyoka Cheche likaanguka vumbini.

"Ni hapa, na mzungushaji ni mimi. Karibu, karibu sana!"

Mgeni alikuwa mtu mzima, mkono wake wa kushoto umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko. Alisema ana kundi la michezo ya moto, na keshokutwa basi lao linaondoka kwa ziara ya mwaka mzima. Imebaki nafasi moja tu. Sifa za uani hapa zimemfikia, akaona apite.

Mwaka mzima! Kwa miaka minne Cheche alikuwa amezungusha moto kwenye harusi za watu na ufunguzi wa maduka, akisubiri mtu aje aseme maneno hayo.

"Kaka! Toka, lete vitu!"

Kaka yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Zimamoto kwa kumcheka, alitoka na blanketi zito la pamba, ndoo ya maji, ndoo ya mchanga, na uso wa mtu anayekwenda mazikoni.

"Shikamoo," alimwamkia mgeni, kisha akamgeukia dada yake. "Hiyo suruali?"

"Imefanya nini?"

"Ya nailoni. Ikishika moto inayeyukia mwilini. Kavae ya pamba."

"Kaka, mgeni anasubiri!"

"Na asubiri."

Cheche alikwenda kubadili huku amenuna. Aliporudi, mgeni alikuwa amechuchumaa kando ya kaka yake, anauliza maswali kama mtoto. Kwa nini mafuta ya taa, si petroli?

"Petroli inawaka hata kabla hujajiandaa," alisema Zimamoto, akikagua minyororo ya kuzungushia moto pete kwa pete. "Mvuke wake tu unatosha."

Na dumu la mafuta, mbona liko kule mbali? Na tambi hizi zinazowashwa kwenye ncha za minyororo ni za kitu gani?

"Uzi wa glovu za mafundi wa tanuru. Hauyeyuki."

Cheche aliona mazungumzo yanampita. "Mchezo huu asili yake ni visiwa vya mbali," alidakia. "Wenyeji walizungusha mipira ya kamba kulainisha viungo vya mikono. Moto umekuja juzi juzi tu."

"Ahaa," alisema mgeni, kisha akamuuliza Zimamoto blanketi huloweshwa kwa muda gani.

Cheche alimvuta kaka yake pembeni.

"Unaniharibia! Kila kitu kwako hatari."

"Nafanya kazi yangu."

"Basi sikiliza. Akishachagua, hakuna kulia, hakuna kung'ang'aniana. Anayebaki anamfungashia begi anayeondoka, tena anacheka. Ahidi."

Zimamoto aliitazama nyumba yao. Tangu mama yao afariki, hawakuwahi kulala nyumba mbili tofauti.

"Naahidi. Na wewe?"

"Naahidi, naahidi! Haya, washa."

Siku hiyo Cheche alizungusha kuliko siku zote. Miduara miwili ya moto ilivuma juu ya kichwa, ikapita nyuma ya mgongo, ikashuka chini ya goti. Lakini kila alipochungulia, macho ya mgeni yalikuwa pembeni. Kachoka kweli, aliwaza. Nimekwisha.

Raundi ya pili alichovya tambi mwenyewe, na ili mwali uwe mkubwa, hakuzikamua.

"Kamua kwanza!" kaka yake alifoka.

"Niache!"

Mwali ulikuwa mkubwa kweli. Tone moja liliruka likatua kwenye pindo la suruali. Kabla Cheche hajahisi joto, blanketi lilikuwa limeshamzunguka mguu, na kaka yake amepiga magoti, analibana kwa viganja viwili.

"Simama hivyo hivyo. Usikimbie. Tayari, umezimika."

Cheche alitamani ardhi ipasuke aingie. "Samahani, mzee," alimwambia mgeni. "Huwa sifanyi hivyo. Naomba nirudie, mara moja tu."

Mgeni aliinuka, akajikung'uta vumbi. "Hakuna haja. Nilichokuja kukitafuta nimekiona. Basi linaondoka saa kumi na moja alfajiri, tusicheleweshane."

Moyo wa Cheche uliruka. "Kwa hiyo umenichukua?"

"Wewe? Wazungusha moto ninao sita, binti. Wa kuwazima sina," alisema mgeni, na kwa mkono wake mzima akamwonyeshea kidole Zimamoto.

Cheche aliingia ndani, akakunja mashati ya kaka yake moja moja akiyatia begini, akicheka kwa sauti ili asikike hadi uani.